Wimbo wa Kale na Jina la Mwenyewe

Mshairi wa mwambao wetu akitunga utenzi, aghalabu hakosi kujitaja. Katika beti za mwisho hutoa jina lake na la baba yake, pengine na mji wake na mwaka aliomaliza kazi, kisha huomba dua na kuwataka radhi wasomaji. Hivyo Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia vita vya 1888 na 1889 vilivyomfikisha Abushiri kitanzini Pangani, wajulikana kuwa ni wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, wala hapana anayeshindana naye.

Wimbo una desturi nyingine. Wimbo wa harusi, wa ngoma, wa kutwanga au wa kuvuta nyavu hauna ubeti wa kutia saini. Huishi midomoni mwa watu, na kila kinywa huupunguza na kuuongeza. Je, tunawajibika kumtafuta aliyeutunga? Na tukimkosa, tuandike nini?

Wapo wasemao kuwa wimbo wa kale ni mali ya wote, na kumtafuta mtunzi ni kuleta ubinafsi mahali pasipostahili. Kauli hii yapendeza, lakini mimi siikubali yote. Ni kweli wengi wameutengeneza wimbo, ila kila ubeti ulikuwa na mtu mmoja aliyeutamka kabla ya wengine. Kumsahau mtu huyo kwa sababu ya umri wa wimbo ni jambo la kibinadamu. Kumkana ni dhuluma.

Wenzetu wa Marekani wamelikuta jambo hili katika nyimbo za watu weusi ziitwazo bluzi. W. C. Handy aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1941 kwamba yapata mwaka 1903, akingoja gari la moshi katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akibana nyuzi za gitaa kwa kisu na kuimba juu ya mahali reli zinapokutana. Handy alijua kuandika muziki. Alichapisha nyimbo za namna hiyo, ukiwamo St. Louis Blues wa mwaka 1914, akaitwa Baba wa Bluzi. Mtu wa stesheni hana jina hata leo. Handy hakusema uongo, kwani habari hii tumeipata kwake mwenyewe. Lakini karatasi ilimpa heshima aliyejua kuandika.

Hapa Tanga taarabu yatuonyesha jambo hilo kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1960 vikundi vya Black Star na Lucky Star vilijipatia sifa kwa taarabu ya magitaa, nyepesi kuliko ile ya Unguja yenye ala nyingi, na sauti ya Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, ikapendwa mbali sana na mji huu. Msikilizaji husema "wimbo wa Shakila", na hakosei, maana sauti ni yake. Lakini taarabu ni kazi ya mikono mingi. Yupo aliyeleta shairi, pengine karani au fundi cherehani asiyepanda jukwaani kabisa, yupo aliyelitilia mahadhi, wapo wapigaji, kisha yupo mwimbaji. Redioni aghalabu hutajwa kikundi na mwimbaji, na mshairi hubaki barazani akiyasikiliza maneno yake yakipita. (Sisi tutungao mashairi twaijua ladha yake.) Unguja nako ilikuwa vivyo hivyo: Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alianza kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, na nyimbo nyingi zilizochukua jina lake zilitungwa kwa ushirikiano na wenzake wa kikundi.

Mtafutaji hakosi dalili. Ubeti ukitaja kazi ya kukata mkonge katika mashamba makubwa, hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1893, ambapo miche 62 iliyosalimika safarini kutoka Florida ilipandwa karibu na Pangani. Ubeti ukitaja gari la moshi la Moshi, kumbuka kuwa reli ya Tanga ilifika huko mwaka 1911. Ukisikia "nti" mahali pa "nchi", au "ndia" mahali pa "njia", huenda maneno yametoka Mvita au kaskazini zaidi. Walakini dalili hizi hupima ubeti, hazipimi wimbo mzima. Ubeti wa reli waweza kupachikwa juu ya mahadhi yaliyozeeka.

Pupa ni adui. Wimbo wa Malaika ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya karibu na mwaka 1960, Miriam Makeba akauimba katika nchi nyingi, na mwaka 1981 Boney M. wakautoa upya Ulaya. Adam Salim alidai kuwa aliutunga yeye mwaka 1945, na wengine wakadai pia. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki. Santuri huthibitisha nani alirekodi. Haithibitishi nani alitunga. Dai tupu nalo halithibitishi kitu.

Wengine, kwa kuchoka na ubishi, huandika tu "wimbo wa jadi". Maneno haya yana uzito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukiuita wa jadi wimbo wa mtu aliyezikwa juzi, umewanyang'anya watoto wake kwa kalamu.

Basi mwalimu awatumapo wanafunzi kukusanya nyimbo, na waandike kila mtu kwa sehemu yake: aliyeimba, mahali na mwaka, aliyemfunza, na anayetajwa kuwa mtunzi pamoja na jina la anayemtaja. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalichapishwa kuwa diwani mwaka 1940, na twajua kuwa mengi yalipitia kwa Mwalimu Sikujua aliyeyahifadhi na kuyaeleza. Na kama bibi wa Pangani au Moa ataulizwa nani aliutunga wimbo wake, naye akajibu, "Sisi tuliukuta," neno hilo liandikwe kama alivyolisema.