Jina la Duka Si Alama ya Bidhaa

Mchukue mfanyabiashara wa kubuni, mwenye duka la pembejeo karibu na soko la Kilombero, Arusha. Miaka nenda rudi ameagiza mabomba ya kupulizia dawa kutoka kiwanda kimoja China, yakiwa na nembo aliyoitunga mwenyewe. Wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, wakifika dukani hawaulizi kitu kingine ila nembo hiyo.

Kisha malalamiko yakaanza. Bomba jipya, nembo ileile, mfuniko unavuja. Na bomba hubebwa mgongoni: likivuja, sumu ya wadudu humlowesha mkulima shati hadi ngozi, naye yuko katikati ya shamba, mbali na maji ya kuoga. Wanaosema bidhaa feki huwaumiza wenye viwanda peke yao wangelitazama shati hilo.

Mzee huyo mwenye duka akagundua kwamba mpinzani wake alipeleka sampuli kiwanda kingine cha bei ya chini. Akasikia mzigo mwingine umeshatoka bandari ya Mombasa, unapitia Namanga. Akawahi mpakani na makaratasi yake kwapani, afisa wa forodha akamuuliza:

"Shikamoo, mzee. Cheti cha alama ya biashara unacho?"

"Marahaba. Hiki hapa, mwanangu, cha BRELA."

"Hiki ni cha jina la biashara, mzee."

BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, husajili vyote viwili, ndiyo maana wengi huchanganya. Jina hutambulisha biashara yako. Alama husajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, kwa aina ya bidhaa uliyoitaja, na ndiyo inayokupa haki ya kuwazuia wengine. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inapiga marufuku kuingiza bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata. Lakini afisa atajuaje ipi ni bandia kama nembo haina mwenyewe kwenye daftari? Na daftari hilo ni la Tanzania Bara tu. Zanzibar ina msajili wake, Kenya wake, ingawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapahapa Arusha.

Kumbe kuna baya zaidi. Mpinzani alishaiombea nembo ile usajili. Ombi likatangazwa kwenye jarida la alama, siku 60 za pingamizi zikapita, alama ikasajiliwa, mzee hana habari. Kwa mujibu wa daftari, mwenye bidhaa feki sasa ni yeye, na mzigo wake ujao ndio unaoweza kuzuiliwa.

Bado anaweza kuomba usajili huo ufutwe, akithibitisha kwamba ndiye aliyeanza kuitumia nembo. Atahitaji ankara za kiwanda, hati za forodha za mizigo ya kwanza, risiti za mauzo ya miaka ile. Naye alikuwa na mazoea ya kuyachoma makaratasi ya zamani kila Desemba, ili kabati lipate nafasi.