Nusu Shari na Siku Yake ya Mwisho

Wazee wetu walisema kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hii husikika sana pale nchi inapotoka katika machafuko, na wale waliokuwa wakiuana wanapoitwa kuketi meza moja ili waunde serikali ya mpito. Watu huitamka kwa kuugua, kama wasemao: Haki kamili hatukuipata, lakini tufanyeje? Nasi twaona yafaa kuipima methali hiyo kwa mizani ya dhamiri, maana Mkristu hawezi kutosheka na neno kwa sababu tu ni la zamani. Je, ni halali kukubali nusu ya shari? Na kama ni halali, ni kwa sharti gani?

Swali hili tusilijadili hewani. Jirani zetu wa Burundi wamelipitia kwa machozi, na sehemu kubwa ya majadiliano yao ilifanyika katika ardhi yetu. Watu wa Kigoma, Kibondo na Ngara hawahitaji kuelezwa habari za vita ile, kwa kuwa waliwaona wenyewe wakimbizi wakivuka mpaka na mizigo vichwani. Mwezi Juni 1993 Warundi walimchagua Melchior Ndadaye awe Rais, Mhutu wa kwanza kushika cheo hicho. Aliapishwa tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Oktoba askari walimwua. Vita iliyofuata yakadiriwa kuwa ilichukua roho za watu 300,000 hivi. Na mwezi Julai 1996 Meja Pierre Buyoya, ambaye alikuwa amekwisha kutwaa madaraka kwa nguvu mwaka 1987, aliyatwaa tena mara ya pili.

Mwalimu Julius Nyerere aliwaita wenye ugomvi, kwanza Mwanza, kisha Arusha tangu Juni 1998. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kazi ilishikwa na Mzee Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini. Tarehe 28 Agosti 2000 Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi. Pande zilizohusika zilikuwa 19. Baadhi hazikutia sahihi siku ile ila baadaye, na nyingine zilitia huku zikiandika kwamba hazikubaliani na sehemu hii au ile. Vikundi vikubwa vilivyokuwa vikipigana porini havikuwamo kabisa. Hata jina la atakayeongoza mpito halikuwa limepatikana. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo wakaafikiana kwamba miezi 36 ya mpito igawanywe nusu kwa nusu: miezi 18 aongoze Buyoya, na miezi 18 ya pili aongoze Mhutu. Serikali hiyo ilianza kazi tarehe 1 Novemba 2001.

Tuyatazame mapatano hayo bila kuyapamba. Ndani yake mlikuwa na shari tatu zilizokatwa nusu. Ya kwanza, mtu aliyetwaa nchi kwa bunduki aliachiwa kiti, ingawa kwa muda. Ya pili, raia walihesabiwa kwa makabila. Katiba iliyotokana na mapatano, iliyopigiwa kura mwezi Februari 2005, iliagiza kwamba Bunge liwe na Wahutu 60 kwa mia na Watutsi 40 kwa mia. Seneti iwe nusu kwa nusu. Jeshini kabila moja lisizidi nusu. Na Watwa wapate viti 3 katika kila baraza. Ya tatu, hukumu iliahirishwa: wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni walipewa kinga ya muda wasishtakiwe.

Wako wasemao kwamba mapatano ya namna hii ni aibu, na hoja yao si ya kudharauliwa. Tukumbuke yaliyotokea Buta, katika Jimbo la Bururi, tarehe 30 Aprili 1997. Watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo alfajiri, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa kujitenga. Wakauawa 40, wa makabila yote mawili. Sasa mtu atuuliza: Vijana wale walikufa kwa kukataa kuhesabiwa kwa kabila; ninyi mwawezaje kuisifu Katiba inayomhesabu kila mbunge kwa kabila lake? Na mama aliyemzika mwanawe atuuliza: Mwawezaje kumkaribisha mezani mtu ambaye watu wake walimwua mtoto wangu?

Twajibu kwanza kwamba maswali hayo ni ya haki, na mtu yeyote anayejadiliana juu ya serikali ya mpito pasipo kuyasikia masikioni mwake hafai kukaa pale mezani. Lakini imani yetu yatufundisha kupambanua mambo mawili yanayofanana kwa nje. Kutenda uovu ili wema upatikane hakuruhusiwi kamwe. Mtume Paulo alilikataa jambo hilo waziwazi. Kuvumilia uovu usioweza kuuondoa leo bila kuzaa uovu mkubwa zaidi ni jambo jingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba mtawala mwenye busara aweza kuyavumilia maovu fulani, ili mema yaliyo makubwa zaidi yasipotee. Na Bwana wetu Yezu Kristu, katika Injili ya Luka, alitupa mfano wa mfalme anayeketi kwanza na kuhesabu askari wake, naye akiona hatoshi, hutuma wajumbe kuomba amani kabla adui hajafika. Hakumwita mfalme yule mwoga.

Kwa hiyo aliyekaa Arusha na adui yake hakutenda shari, aliivumilia. Hakusema kwamba kutwaa nchi kwa bunduki ni vema, wala kwamba Mungu aliwaumba watu wahesabiwe kama mbuzi sokoni. Alisema: Hofu iliyomo mioyoni mwa watu hawa ni kubwa mno, tuifungie uzio kwanza, wapate kulala usingizi, kisha watajifunza kuishi bila uzio. Vijana wa Buta walionyesha mahali nchi inapotakiwa kufika. Mapatano yalikuwa njia ya watu wa kawaida, wenye hofu, kuelekea huko.

Hapa ndipo tunapofikia sharti lenyewe. Ni nini kinachoitenga shari inayovumiliwa na shari inayokubaliwa? Twasema: ni siku yake ya mwisho. Tutoe mfano unaojulikana katika kila kijiji. Baba amefariki, watoto ni wadogo. Ukoo unakaa na kumchagua msimamizi wa mirathi. Anapewa ng'ombe, shamba na nyumba avitunze mpaka watoto wakue. Pengine mtu huyo si mwema kuliko wote katika ukoo. Pengine aligombana na marehemu. Lakini akitunza, na siku ikifika akakabidhi, watoto watamshukuru, na ugomvi wa zamani utasahauliwa. Asipokabidhi, hata kama aliwanenepesha ng'ombe, ataitwa mwizi, na ukoo utauliza ni nani aliyempa kazi ile. Serikali ya mpito ni msimamizi wa mirathi. Uhalali wake wote umo katika kukabidhi.

Warundi walipata kuonja jambo hilo. Tarehe 30 Aprili 2003, miaka 6 kamili tangu waseminari wa Buta walipouawa, Buyoya alimkabidhi Urais Domitien Ndayizeye kama ilivyoandikwa. Wengi ndani na nje ya nchi walikuwa wametilia mashaka kwamba angeondoka. Hatusemi kwamba tendo hilo lilifuta yaliyotangulia. Mwezi Oktoba 2020 mahakama ya Burundi ilimhukumu kifungo cha maisha, yeye mwenyewe asipokuwapo, kwa mauaji ya Ndadaye, naye aliikana hatia hiyo hadi kufa kwake mwezi Desemba mwaka ule. Lakini siku ile ya Aprili raia waliona kwamba karatasi iliyotiwa sahihi Arusha ilikuwa na nguvu. Mwezi Novemba mwaka uleule kundi kubwa la wapiganaji, CNDD-FDD, lilikubali kuingia serikalini. Mtu hutoka porini kwa urahisi zaidi akiisha kuona kwamba waliotangulia kuahidi wametimiza.

Ni vivyo hivyo kwa upande wa pili: ahadi ikivunjwa, hofu hurudi. Mapatano ya Arusha yaliweka kwamba mtu asiwe Rais zaidi ya vipindi viwili. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza aligombea kwa mara ya tatu. Wafuasi wake walitoa hoja kwamba mwaka 2005 alichaguliwa na Bunge, wala si na raia wote, kwa hiyo kipindi kile kisihesabiwe. Na Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao. Maaskofu wa Burundi walikuwa wamekwisha kusema kwamba vipindi viwili ni viwili, na mwezi Mei waliwaondoa mapadre waliokuwa katika tume za uchaguzi. Tujue kwamba maneno ya sheria yaweza kuvutwa huku na huku na watu werevu. Lakini walimu wa maadili wafundisha kwamba ahadi husomwa kwa maana ile aliyoielewa aliyepewa, la sivyo hakuna ahadi duniani. Matokeo yake tuliyaona sisi wenyewe: mwezi Mei maelfu ya watu walijazana katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingia, na kambi ya Nyarugusu ikafurika tena.

Pengine mtu atasema: Sisi tulitia sahihi kwa kushurutishwa, walitubana majirani na mataifa makubwa, ahadi ya namna hiyo haitufungi. Na asome kitabu cha Yoshua. Wagibeoni walipata kiapo kwa hila, wakivaa viatu vilivyochakaa na kubeba mkate wenye ukungu, ili wadhaniwe wametoka mbali. Waisraeli walipogundua walikasirika, lakini kiapo walikishika. Miaka mingi baadaye Sauli alikivunja, na njaa ya miaka mitatu ikaja juu ya nchi, juu ya watu ambao wala hawakuwapo siku ya kiapo. Na Mtakatifu Tomaso, akimfuata Mtakatifu Ambrosio, afundisha kwamba mapatano hushikwa hata na adui. Sababu yake ni wazi. Wakubwa wawili wanapotia sahihi, wenye mali ya ahadi ile ni wakulima na mama zao, wasiokuwapo mezani. Wao hawakumhadaa mtu wala kumshurutisha. Mbona wavunjiwe?

Twarudi kwa mama yule anayeuliza habari za mwanawe. Kwake yeye pia sharti ni lilelile. Hukumu yaweza kuahirishwa. Kufutwa haiwezi, maana deni la damu si mali ya wanasiasa hata waligawane. Mapatano ya Arusha yaliahidi tume ya ukweli na mapatano. Ilikuja kuundwa mwaka 2014. Mahakama ya kimataifa, iliyotajwa endapo uchunguzi ungeonyesha kuwa inahitajika, haikuundwa kamwe. Kinga ya muda isiyo na mwisho si kinga ya muda tena, na mama aliyeambiwa angoje ana haki ya kuuliza: Mpaka lini?

Lakini Burundi siyo peke yake. Mwezi Aprili 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alipiga magoti mbele ya viongozi wa Sudan ya Kusini, akawabusu miguu, akiwasihi wadumu katika amani waliyopatana mwaka 2018. Serikali ya mpito iliundwa Februari 2020. Kisha muda wake ukaongezwa mwaka 2022, na Septemba 2024 ukaongezwa tena, uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba 2026. Kila mara ilitolewa sababu, na baadhi ya sababu zilikuwa za kweli: hesabu ya watu haijafanyika, katiba haijakamilika. Lakini msimamizi wa mirathi asemaye kila mwaka kwamba watoto bado ni wadogo, huku yeye mwenyewe ndiye awanyimaye chakula, hawezi kutulaumu tukimtazama kwa mashaka.

Basi, ndugu wasomaji, methali ya wazee ni ya kweli, ila yataka kuongezewa neno. Heri nusu shari kuliko shari kamili, mradi nusu hiyo iwe na siku yake ya mwisho, na siku ikifika iheshimiwe. Tusikiapo kwamba mahali fulani wenye ugomvi wamekubaliana kugawana serikali, tusiwe wepesi wa kuwaita wasaliti, wala tusiwe wepesi wa kushangilia. Tuulize mambo matatu. Muda wao ni miezi mingapi? Nani atawakumbusha muda ukiisha? Na wale waliofiwa wameandikiwa nini katika karatasi ile?

Tuanze kuuliza hivyo hata nyumbani kwetu, katika ukoo, katika chama cha ushirika na katika halmashauri ya parokia, mahali ambapo kaimu wa miezi sita mara nyingi huzeekea kitini. Taifa hujifunza kukabidhi kwa watu waliozoea kukabidhi mambo madogo. Nasi tuwaombee Warundi na watu wa Sudan ya Kusini, na wote walioketi leo mbele ya adui zao wakitafuta maneno, ili Mwenyezi Mungu awajalie moyo wa kuanza kipindi chao, na moyo wa kukimaliza.