Mbio za Alfajiri na Haki za Walio Nyumbani

Miongoni mwa maswali tuliyoachiwa na maradhi ya Korona yaliyoingia nchini mwaka 2020, liko moja ambalo wengi hulichukua kuwa ni dogo, nasi twaona si dogo. Katika siku zile za kufungiwa majumbani, wanaume wengi, hapa kwetu na ng'ambo, walishika ada ya kuamka mapema wakaenda mbio. Mwenye pwani akakimbia pwani, mwenye msitu akakimbia msituni. Wako walioendelea na ada hiyo mpaka leo. Basi twauliza: mtu atokaye nyumbani mwake alfajiri, akamwacha mke na watoto, akaenda kukimbia peke yake chini ya miti muda wa saa nzima, je, amechukua haki yake au amechukua haki ya mwenziwe?

Na tukumbushane kwanza hali ilivyokuwa. Tarehe 27 Machi 2020 ilianza hapa Kenya amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale, watu wasitoke wala wasiingie. Na tarehe 6 Mei ukafungwa peke yake Mji wa Kale. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na misikiti kadhalika. Katika nyumba zetu, ambamo bibi, wazazi na wajukuu hukaa chini ya dari moja, mtoto hakuwa na chuo, baba hakuwa na kazi, na mama hakuwa na hata dakika moja ya kujikalia.

Ng'ambo nako hali haikuwa nyepesi. Uingereza, tangu tarehe 23 Machi mwaka huo mpaka katikati ya Mei, mtu aliruhusiwa kutoka kufanya mazoezi mara moja tu kwa siku. Ufaransa ilimpa mtu saa moja, asipite kilomita moja kutoka nyumbani kwake, na awe na karatasi mkononi ya kueleza sababu ya kutoka. Hispania iliwazuia watoto kutoka kabisa mpaka tarehe 26 Aprili, na watu wazima hawakuruhusiwa kwenda mbio mpaka tarehe 2 Mei. Serikali zikawa zapima pumzi za watu kwa saa na kwa kilomita. Lakini mizani ya serikali huishia mlangoni. Sheria ilimpa kila mtu nafasi yake. Ama ndani ya nyumba ni nani aliyeipata nafasi ile, na ni nani aliyebaki na watoto, hilo sheria haikuliuliza. Swali hilo laulizwa na dhamiri.

Katika jambo hili watu wamekwenda pande mbili, na kila upande umepita mpaka. Wako wanaocheka wakisema kwamba mtu mzima kukimbia msituni bila ya kufukuzwa ni upuuzi, na ni kuiga wageni. Hawa twawajibu kwamba mwili ni amana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilieleza kuwa mtu mzima ahitaji kila wiki mazoezi ya wastani ya dakika 150 mpaka 300, au mazoezi ya nguvu, kama mbio, dakika 75 mpaka 150. Katika miji yetu iliyojaa sukari na shinikizo la damu, mtu hawezi kuyadharau maneno hayo. Na mwenye kukaa siku nyingi kati ya kuta nne, akili yake nayo yadhikika; hewa baridi ya alfajiri na utulivu wa miti ni dawa isiyouzwa dukani.

Upande wa pili ni wa wale wanaosema: saa ile ni yangu, nimeamka mwenyewe, sina deni la mtu. Hawa ndio tunaotaka kusema nao zaidi.

Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa. Salman alipomzuru nduguye alimkuta mkewe amejiacha, hajipambi wala hajishughulikii, kwa kuwa mumewe hana haja na dunia. Mchana amefunga na usiku amesimama katika sala. Salman akamzuia, akamfahamisha kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani nao wana yao, basi kila mmoja na apewe lililo lake. Habari ilipomfikia Mtume alimsadikisha Salman. Na tuangalie vizuri: Abu Dardaa hakuwa katika mchezo, alikuwa katika ibada. Ikiwa ibada ya sunna haikumwondolea mtu deni la nyumba yake, mbio zitamwondolea vipi? Na papo hapo Salman hakusema kwamba nafsi haina haki. Aliitaja pamoja na mke, wala hakuifuta moja kwa ajili ya nyingine.

Wenyeji wa Mombasa wanao mfano karibu nao. Msitu wa mivinje wa Bamburi haukuota wenyewe. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe la matumbawe lisilo na mti. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda. Miche ya aina nyingi ilikufa, mvinje ukashika. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuwa yakioza yakawa udongo, mpaka walipoletwa jongoo wakawa wayala na kuyasaga. Baadaye msitu ukakatiwa njia za kutembea na kukimbia. Basi anayekimbia katika kivuli kile akanyaga udongo uliofanywa na kiumbe kidogo ambaye hamtazami. Na kivuli cha mtu nyumbani kwake ni vivyo hivyo: saa yake ya utulivu imefanywa na mtu aliyeamka kumnyamazisha mtoto, akateleka chai, akamtazama mzee. Saa ile si ya bure. Imekopeshwa, na mkopo hulipwa.

Huenda mtu akasema: lakini mimi nikirudi kutoka mbio huwa mpole, siwakaripii watoto, basi faida ni ya nyumba nzima. Twasema ni kweli, wala hatuikatai hoja hii. Ila twamtaka aifikishe mwisho wake. Ikiwa saa moja ya upweke yamfanya baba kuwa mpole, yamfanya nini mama, ambaye dhiki ya siku zile alikuwa nayo mara mbili? Dawa inayomfaa mmoja wa wagonjwa wawili haiwi haramu kwa wa pili.

Mwingine atasema: mwanamke wa kwetu atakimbilia wapi, na heshima je? Jawabu ni kwamba hatukusema lazima akimbie. Saa yake yaweza kuwa ya kutembea na nduguye, au ya kusoma, au ya kulala usingizi asiamshwe. Na anayetaka kukimbia mahali pa stara, asikatazwe kwa kisingizio cha dini. Mtume mwenyewe katika safari aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na bibi Aisha (r.a.), na bibi Aisha akamshinda. Siku nyingi baadaye walishindana tena, Mtume akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Yeye alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia, na hakuona haya kukimbia na mkewe.

Basi rai yetu ni hii. Mwenye kwenda mbio alfajiri na aende, baada ya kusali, na kwa ridhaa ya aliyebaki, si kwa kunyemelea mlango. Na apime haja yake: kwa hesabu tuliyoitaja, robo saa ya mbio katika siku tano za wiki yatimiza kile kiasi cha chini, kinachozidi hapo ni cha kushauriana. Akirudi, na ashike kazi aliyoiacha, ampe mwenziwe muda kama ule aliochukua, tena bila ya kuombwa, kwani haki inayongoja kuombwa huwa imekwisha kucheleweshwa. Na siku nyingine awachukue watoto aende nao.

Maradhi yale yalipita na milango ikafunguliwa. Lakini nyumba nyingi zingali zina mtu mmoja ambaye hakufunguliwa. Kila mmoja wetu na amtazame ni nani katika nyumba yake, kabla hajafunga kamba za viatu. Wabillahi taufiki.