Paa la Husuni Kubwa

Hebu tuseme, msomaji mwenzangu, umevuka na mashua kutoka Kilwa Masoko mpaka Kisiwani, ukatembea hadi Husuni Kubwa. Mbele yako kuna nini? Kuta za matumbawe zilizobomoka na lile bwawa la pembe nane. Unatoa simu, unaielekeza ukutani, mara kwenye kioo ukuta unapanda, paa linajifunika, bwawa linajaa maji. Lo!

Usidhani naota. Kule Olympia, Ugiriki, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu walivishwa vioo machoni na kubebeshwa kompyuta mgongoni, wakaona hekalu la Hera limesimama tena juu ya magofu yake. Siku hizi mzigo ule wote umo kiganjani.

Mimi sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni hilo paa. Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya 100, inahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, na waliopachimba waliona dalili kwamba ujenzi haukukamilika. Sasa simu ikiumaliza, imemaliza jumba la nani?

Mtaniambia: wee mtunga riwaya, si ndiye muongo nambari moja? Kweli kabisa. Usiku nakaa na daftari langu, namlisha Sultani maneno ambayo hakuyasema. Lakini juu ya jalada pameandikwa "riwaya". Tumeshakubaliana tangu mlangoni. Picha ile haina jalada. Imekaa palepale penye jiwe la kweli, na macho hayajazoea kubishana na kinachoonekana.

Tena kuna jambo linaloninyima usingizi. Matumbawe yamedumu; udongo na miti vimeoza. Nyumba za waliochoma chokaa na kubeba yale mawe zimeacha alama hafifu tu ardhini. Nikisema ni marufuku kubahatisha, basi hao wanafutika mara ya pili, anabaki Sultani peke yake. Nikiruhusu kubahatisha, nina haki gani ya kulilalamikia paa?

Nimegeuza hili mara nyingi. Ningekuwa mchoraji wa programu hiyo, kila cha kukisia ningekichora kwa mistari ya chaki, mgeni ajue. Na ningeanza na wachoma chokaa, moshi unapanda. Sultani asubiri paa lake.