Nani Aambiwe Atulie?

Mwezi uliopita, hapa Mwandiga, mama mmoja muuza mawese alimfokea mfanyabiashara aliyechukua madumu yake kwa mali kauli, kisha akawa anamzungusha tangu masika. Wazee wakaketi. Wakaamua mama aombe radhi, kwa kuwa alishindwa kujizuia mbele za watu. Deni halikutajwa. Jambo hili linanikereketa hadi leo.

Kuzimudu hisia ni nini, kila mtu anajua: kutambua kinachofukuta moyoni, kuvuta pumzi, kuchagua la kutenda. Sina ugomvi na hilo. Na ni kweli ghadhabu hufukuza usingizi na kuwatia watoto woga.

Nisichokivumilia ni ile "hasira hasara", inayotupwa barazani kana kwamba imemaliza kesi. Hasara ya nani? Mdaiwa alikuwa mtulivu kabisa, sauti ya chini, tabasamu mdomoni. Mbona asitulie, na fedha anazo yeye? Utulivu wake ulilipiwa na mama yule. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyeandika vitabu vitatu kuilaani hasira, alikuwa tajiri mkubwa na mwalimu wa Kaisari Nero. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, karne kadhaa kabla yake, aliona kuwa asiyekasirika panapostahili ni mpumbavu. Namfuata Aristotle. Wengine wananijibu: mama angedai kwa upole. Alidai kwa upole miezi yote ile, na hakuna aliyeitisha kikao! Kikao kiliitishwa siku alipopaza sauti. Kwa sauti ile tulimsikia, na kwa sauti ileile tukamtia hatiani.

Kaskazini yetu kuna hifadhi ya Gombe, nami katika kesi hii siachi kuifikiria. Mtafiti Jane Goodall, aliyefika huko mwaka 1960, aliona kwamba sokwe mtu aliyepigwa huweza kumwendea aliyempiga, akanyoosha mkono, na yule mkubwa akamgusa au kumkumbatia hadi atulie. Sisemi ni viumbe wapole: kati ya 1974 na 1978 kundi moja la Gombe liliwaua madume wa kundi jirani. Lakini pale anayemtuliza mnyonge ni mwenye nguvu, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Ipo hasira inayovuka mpaka hata kwa mwenye haki. Mpaka huo bado unanisumbua. Ngumi iko nje yake, ila kufoka kwa aliyedhulumiwa sithubutu kukuweka huko.

Wazee wetu, ketini tena. Mwiteni mdaiwa, deni lisomwe kwanza, ndipo tuzungumze habari za radhi.