Je, Dawa Iliyodhuru Yaweza Kuponya?

Twaulizwa swali gumu: je, ni halali kuwatibu wagonjwa kwa dawa ile ile iliyowalemaza watoto kwa maelfu?

Dawa hiyo ni thalidomidi. Mwaka 1957 ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi, ikasifiwa kwamba haina hatari. Akina mama wajawazito waliimeza ili kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa madukani mwaka 1961, madhara yalikuwa yamekwisha kuenea. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi mno.

Leo dawa hiyo, pamoja na nyingine zilizotokana nayo, hutibu saratani ya uboho wa mifupa. Siri yake ilianza kufunuliwa na wataalamu wa Japani mwaka 2010. Kila seli ya mwili ina utaratibu wa kuondoa takataka: protini isiyohitajiwa hutiwa alama, kisha husagwa. Thalidomidi huupotosha utaratibu huo, hata seli ikatupa protini ambayo ingali yaihitaji. Seli ya saratani hupoteza protini zinazoitegemeza, ikafa. Mtoto aliye tumboni hupoteza protini ihitajiwayo katika kuumbika kwa viungo vyake.

Wako wasemao kwamba dawa ya namna hiyo ingezikwa kabisa. Twauelewa uchungu wao, lakini kosa lilikuwa la watu: walitangaza usalama wasiouthibitisha. Huko Marekani, Daktari Frances Kelsey aliinyima kibali tangu 1960, akidai ushahidi kwanza. Tena, kumnyima mgonjwa wa leo hakumrudishii mlemavu mkono wake.

Wako pia wasemao kwamba uponyaji wa leo umelipa deni la jana. Hilo nalo si kweli. Wale watoto hawakujitoa kwa ajili yetu, walidhulumiwa. Jema lililofuata halihalalishi ovu lililotangulia. Yatupasa kuwatunza walio hai bado, na kushika bila kulegea sharti kwamba mwanamke awezaye kushika mimba apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa hiyo.

Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga. Basi, mgonjwa na aipokee dawa yake kwa shukrani, nasi sote tuwakumbuke walioungua kabla yake.