Pumzi ya Shemeji

Shemeji yangu wa Nyakahura, Biharamulo, hajapata pumzi yake sawasawa tangu korona ya 2021. Akipanda kwenda migombani, husimama njiani aheme. Sasa mwanawe kasikia kuna kliniki ng'ambo wanadunga seli shina. Anataka ng'ombe wauzwe. Shemeji kaniuliza mimi, mwinjilisti mstaafu wa Ngara: kukataa si kukosa imani?

Nikakumbuka 2011, foleni za Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha Babu Mwasapile. Shilingi 500 tu. (Kilichotukamua ni nauli.) Seli shina zenyewe si uzushi: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imepandikiza uloto, zinakotoka seli hizo, kwa watoto wenye selimundu. Lakini kwa madhara ya korona bado ni majaribio, na kwa kawaida anayejaribiwa dawa halipishwi.

Imani ninayoihubiri ni ya Mungu. Mwenye sindano hana haki ya kuidai. Ayubu alikataa maelezo mepesi ya rafiki zake, na Mungu akawakemea wao. Nimemwambia shemeji aende hospitali ya Murgwanza apimwe mapafu na moyo, afundishwe mazoezi ya kupumua. Ng'ombe wabaki zizini. Mwanawe amenuna.